Usichague muvi kwa sura ya staa, fuata aliyetunga muziki

Kama wewe ni yule mtu akifika dukani swali la kwanza ni "iko mpya ya Jason Statham?" sina ubaya na wewe, nimewekea watu muvi kwa flashi hapa Kondele, Kisumu, kwa muda mrefu na watu wa aina yako ndo wamenilipia nyumba. Lakini wacha nikuambie kitu unajua tu ukikaa upande huu wa kaunta, staa atakuangusha. Mtu mmoja anafanya muvi moja moto alafu zinafuata tatu za ovyo na kava zote zinafanana, bunduki mkononi, moto nyuma. Mtu wa muziki hakuangushi kirahisi hivyo. Ukishapenda venye mtu fulani anatunga muziki wa filamu, andika jina lake mahali, mfuate yeye, uone atakupeleka wapi. Muvi karibu zote nazopenda kutoka moyoni nilizipata hivyo, na nyingi zake kama ningeangalia kava peke yake ningezipita.

Chukua Commando ya 1985, ile Arnold Schwarzenegger anamtafuta binti yake. Kijana wa rika langu aliyekulia Kisumu na hajaiona kwa kibanda cha video sijui alikuwa anafichwa wapi. Sasa umewahi sikiliza muziki wake? Risasi zinalia, watu wanaruka na mabomu, na nyuma ya hiyo fujo yote kuna zile ngoma za chuma za Trinidad na saksafoni, ni kama mtu alisahau akadhani anatengeneza muziki wa hoteli ya pwani, na bado inaingia vizuri tu. Aliyefanya hiyo kazi anaitwa James Horner. Huyo Horner ndo alifanya Braveheart mwaka wa 1995. Na huyo Horner ndo alifanya Titanic mwaka wa 1997, akabeba Oscar mbili usiku mmoja, moja ya muziki na moja ya wimbo. Nina mama mdogo ambaye hawezi vumilia muvi ya risasi hata dakika tano, kila Titanic ikirudi kwa tivii anatafuta leso, na siku nilimwambia anayemliza ndo yule yule wa Commando aliniangalia tu akasema "wewe mtoto unapenda kunichezea." Nikamuonyesha kwa simu. Akanyamaza kidogo alafu akasema basi huyo mtu alikuwa na roho mbili.

Na iko stori nyingine hapo napenda sana. James Cameron aliyeelekeza Titanic hakutaka wimbo wa kuimbwa kwa muvi yake, aliona itaharibu. Horner akaenda kimya kimya akatunga My Heart Will Go On, Will Jennings akaandika maneno, akamrekodi Céline Dion, alafu akangoja siku Cameron ako na mood nzuri ndo amchezee. Hebu fikiria ule wimbo haungekuweko. Horner alifariki 2015 kwa ajali ya ndege aliyokuwa anaendesha mwenyewe, na mimi siku hizi nikiona jina lake kwa muvi yoyote hata sijui inahusu nini naichukua.

Sasa utajuaje jina? Rahisi, usizime muvi ikiisha. Najua kwa kibanda mwenyewe anaikata hapo hapo juu kuna watu wanangoja mlangoni, na kwa hizi app za simu zinakurushia muvi nyingine kabla hata hujafuta machozi, lakini kama uko kwako ngoja kidogo. Tafuta palipoandikwa Music by. Alafu endelea kungoja, manake chini kabisa, kwa zile herufi ndogo zinapita mbio, kuna orodha ya nyimbo na waliozipiga, na hapo ndo utashangaa unakutana na watu wa kwenu.

Mimi nilikutana na Ayub Ogada hapo, na wacha nikae kwake kidogo.

The Constant Gardener ilitoka 2005. Imepigwa Kenya, kuna Kibera ndani, kuna Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, inahusu kampuni ya dawa inayojaribu dawa kwa Wakenya maskini na mwanamke Mzungu anayeuliza maswali mengi hadi anauawa. Rachel Weisz alipata Oscar kwa hiyo kazi. Muziki ulitungwa na Alberto Iglesias, Mhispania, na ukaingia kwa orodha ya kuwania Oscar. Lakini ndani ya huo muziki wa Mhispania kuna nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, na kuna Ogada anaimba kwa Dholuo, lugha yao. Wimbo unaitwa Kothbiro. Kama unaelewa Dholuo unajua anaita watoto, mvua inakuja, rudisheni ng'ombe nyumbani, basi, hakuna kingine kikubwa hapo. Na muvi yenyewe ni ya mwanaume ambaye mke wake hatarudi nyumbani tena. Mzungu ambaye haelewi lugha anasikia huzuni tu. Sisi tunasikia mtu anaita, na anayeitwa haji. Hiyo scene inakupiga mara mbili na kiingilio ulilipa mara moja.

Kama hujawahi kaa karibu na mtu anapiga nyatiti nenda ukae, hata kama ni kwa matanga. Nyuzi ni nane. Mpigaji anakaa chini kwa kigoda, amekilaza chombo karibu na mguu, na kwa kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, hiyo pete anaigonga kwa ubao wa nyatiti yenyewe inatoa mdundo, alafu kwa kifundo cha mguu amefunga gara, njuga zile, zinacheka kila akisogeza mguu. Yaani mtu mmoja ni bendi nzima, mikono inafanya yake, mguu unafanya yake, mdomo unafanya yake. Sasa rudi usikilize Kothbiro ukijua hivyo. Ogada aliichukua hiyo nyatiti akaipunguza mbio, akaacha nafasi katikati ya nyuzi, na hiyo nafasi ndo watu wa filamu walipenda juu muvi inataka mahali pa kupumua.

Hapa ndo inanoga. Jina lake la kuzaliwa ni Job Seda. Ukirudi nyuma miaka 20 kuna Out of Africa ya 1985, ile ya Meryl Streep na Robert Redford, ilibeba Oscar saba, na kwa orodha ya waigizaji utapata Job Seda ameigiza Kanuthia. Ni yeye huyo! Hollywood ilikuja Kenya 1985 ikachukua sura yake, ikarudi 2005 ikachukua sauti yake. Katikati hapo alikuwa ameenda Uingereza na nyatiti yake, akatoa albamu En Mana Kuoyo mwaka wa 1993 kwa Real World, ile lebo ya Peter Gabriel. Na Kothbiro yenyewe ni ya zamani zaidi, ilirekodiwa na Black Savage, bendi aliyokuwemo miaka ya sabini, na ni hiyo ya Black Savage Kanye West alikata kipande akaweka kwa wimbo wake Yikes mwaka wa 2018 na Wakenya wote kwa mtandao wakashtuka kana kwamba nyatiti imezaliwa jana. Ogada alifariki Februari 2019, Nyahera, hapa hapa Kisumu. Kuna vijana wanapita stage ya Nyahera kila siku na kwa simu zao wana Yikes.

Out of Africa yenyewe, nikisema ukweli, inanichosha. Ni ndefu, watu wanapendana polepole sana na sisi tuko hapo nyuma tunabeba masanduku. Lakini muziki wa John Barry, wacha tu. Ile ndege ndogo inaruka juu ya mbuga na vayolini zinafunguka, hata kama una hasira na ukoloni unajipata umetulia. Ndo maana nasema muziki ni kitu cha kuangaliwa kwa makini, unaweza kukufanya upende kitu kichwa chako kimekataa. Ushauri wangu kwa hiyo ni, tafuta muziki usikilize ukipika, muvi angalia ukikosa kabisa cha kufanya.

Jina lingine la kuandika ni Alex Heffes. Huyu Mwingereza amefanya The Last King of Scotland, ile ya Idi Amin, 2006. Amefanya The First Grader ya 2010, stori ya mzee Maruge aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84, na anayemuigiza ni mzee wetu Oliver Litondo. Amefanya ile ya Mandela ya 2013. Amefanya Queen of Katwe ya 2016, ya yule msichana wa Kampala wa chess, Lupita Nyong'o ndo mama yake. Ukizipanga hizo nne ukaziangalia kwa mfululizo utasikia mtu anajifunza jinsi ya kukaa na ngoma zetu bila kuzifunika. Watu huku Busia na Malaba ambao wanavuka Uganda kila wiki nawaambia waanze na Queen of Katwe, juu mtaa wanaujua, kelele ya boda wanaijua, na nyimbo ndani ni za Kampala kweli. Kuna moja inaitwa #1 Spice, imepigwa na Young Cardamom na HAB. Young Cardamom ni mtoto wa Mira Nair, mwelekezi wa hiyo muvi, na jina lake halisi ni Zohran Mamdani. Ndio, huyo huyo, sai ni meya wa New York. Siku ile alishinda uchaguzi mimi kitu cha kwanza nilifanya ni kuweka hiyo nyimbo dukani kwa sauti.

Kuna jina moja ambalo hutalipata kwa herufi kubwa na ndo linaniuma. Ukiangalia Coming to America ya 1988, ya Eddie Murphy, mwanzo kabisa kabla hata hujaona ikulu ya Zamunda unasikia Ladysmith Black Mambazo wanaimba Mbube. Ukiangalia The Lion King ya 1994, Timon na Pumbaa wanatembea wakiimba ile ya simba analala. Ni wimbo mmoja huo. Ulirekodiwa 1939 kule Afrika Kusini na Solomon Linda na kundi lake, alafu haki zake zikaenda kwa shilingi 10, akafariki 1962 maskini, na binti zake walingoja hadi 2006 ndo kesi ikaisha kwa makubaliano wakaanza kupata kitu. Wateja wangu wenye watoto wanachukua Lion King kila likizo na hakuna shida, ni muvi tamu, Hans Zimmer alipata Oscar yake ya kwanza hapo na Lebo M ndo anaita jua pale mwanzo kwa Kizulu. Lakini ukiwa umekaa na mtoto mwambie hilo jina, Solomon Linda. Haigharimu kitu.

Sarafina sitaeleza sana juu kila mtu Kenya ameiona angalau shuleni, ya 1992, Leleti Khumalo, Whoopi Goldberg ndo mwalimu, Miriam Makeba ndo mama. Ninachoomba ni moja, safari hii usiimbe. Najua Freedom Is Coming ikianza miguu inaanza yenyewe, lakini nyamaza usikilize wale watoto wanaimba Baba Yetu uone venye sala inageuka kuwa kitu kingine kabisa mdomoni mwao. Nyimbo hizo ni za Mbongeni Ngema na Hugh Masekela, na ukimfuata Masekela kutoka hapo una kazi ya mwaka mzima.

Tuje Kihindi. Kisumu bila muvi za Kihindi si Kisumu, Wahindi wamekuwa hapa tangu reli ifike ziwa 1901 na sinema za mji huu zimeishi sana kwa filamu zao, wazee wetu waliingia wakatoka wakiimba vitu hawaelewi hata neno moja. Watu wengi wanadhani anayeimba ni yule unayemuona anacheza kwa mvua. Sio yeye. Anafungua mdomo tu. Wanaoimba wako studio, Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi, Kishore Kumar, na Lata, aliyefariki 2022, amewaimbia waigizaji wa kizazi baada ya kizazi, wale warembo wanazeeka wanaondoka sauti inabaki msichana. Ukijua hivyo unaanza kuchagua muvi ya Kihindi kwa mwimbaji na mtunzi, na mtunzi wa kuanza naye ni R.D. Burman.

Na kwa Burman anza na Sholay, 1975. Ndefu, masaa matatu na zaidi, Amitabh Bachchan na Dharmendra, jambazi anaitwa Gabbar Singh, kila mtu anakumbuka ile ya pikipiki wakiimba urafiki. Mimi nakuambia uangalie jioni. Kuna mjane pale kwa nyumba ya mzee, kila jioni anapita kwa baraza anapunguza taa, moja baada ya nyingine, na Jai, huyo ndo Amitabh, amekaa chini upande wa pili anapiga kinanda cha mdomo. Hawaongei. Mjane wa desturi ile haruhusiwi hata kumuangalia mwanaume vizuri. Taa inazima, kinanda kinalia, taa inazima, anaingia ndani, basi. Inarudi tena baadaye na tena, na kila ikirudi unajua mapenzi yao yamefika wapi bila mtu kusema nakupenda hata mara moja. Nimeona wanaume wa mawe, watu wa kuvunja kokoto kule Kajulu, wamekaa kwa benchi la kibanda kimya kabisa kwa hiyo sehemu, na hao ndo wanapigiana kelele muvi nzima.

Kuhusu kibanda na sauti ya DJ. Mimi DJ Afro, yule anayetusimulia muvi kwa Kiswahili, namheshimu, wacha mtu asinielewe vibaya, yule jamaa amefanya watu ambao hawajui Kichina wala Kizungu wapende sinema, na kuna muvi za kung fu ambazo bila yeye hazina maana. Lakini yeye anaongea juu ya muziki, hiyo ndo kazi. Kwa hivyo angalia mara mbili. Ya kwanza na DJ ucheke na wenzako, ya pili orijino, usiku, peke yako, na hapo sasa usikilize. Watu wakiniletea flashi nawaulizaga nikuwekee zote mbili? Wengi wanasema hapana, inakula nafasi. Haya.

Na ukiangalia peke yako tafadhali usitumie spika za tivii. Hizi tivii nyembamba spika yake iko nyuma au inaangalia chini, inaongea na ukuta. Wufa nayo tatizo ni venye tumeiseti, besi imepandishwa hadi mwisho ya reggae na gengetone, ukiweka muvi unasikia tu nyumba inatetemeka na vayolini zimeenda. Shusha besi hadi katikati, ondoa hiyo wufa yenyewe kwa kona, usiiweke chini ya kitanda. Kama huna wufa iafoni ya waya inatosha kabisa, soko la Kibuye Jumapili kuna za mtumba nzuri kuliko zile mpya za barabarani. Lakini enda na simu yako na wimbo wako, jaribu sikio la kushoto, jaribu la kulia, alafu tafuta mahali muziki uko chini chini ndo usikilize kama kuna mchwa wanaongea. Muuzaji atataka kukuwekea kitu cha besi. Kataa.

Kingine, ukitafuta muziki wa filamu mtandaoni utachanganyikiwa juu mara nyingi kuna albamu mbili. Mfano mzuri ni Black Panther ya 2018, ambayo sisi watu wa Kisumu tunaringa nayo hadi leo, premia ya kwanza Afrika ilifanywa hapa kwetu Februari hiyo, kwa sababu ya Lupita, na babake ndo alikuwa gavana wetu. Kuna albamu ya Kendrick Lamar, hizo ni nyimbo za redio. Alafu kuna ile ya Ludwig Göransson, na hiyo ndo inajaza muvi yenyewe na ndo ilipata Oscar. Ukitaka hiyo ya pili andika score baada ya jina la filamu. Göransson ni Mswidi lakini hakukaa ofisini kwake akabuni Afrika, alienda Senegal akazunguka na Baaba Maal, ndo maana ukisikia ile ngoma ya kubana kwapani inataja jina la T'Challa, shujaa wa muvi, inaongea kweli, ni Massamba Diop anapiga. Killmonger, adui wake, amepewa filimbi ya Kifulani na juu yake besi za mtaa wa Marekani, mtoto wa sehemu mbili. Bado sijaona nani ataleta isukuti, zile ngoma za Waluhya wa Kakamega, kwa muvi kubwa namna hiyo. Watu wa Idakho na Isukha wako tayari.

Hapo kwa isukuti, nimekumbuka harusi. Ukipanga harusi na unataka wimbo wa filamu, angalia kwanza muvi inasema nini. Nimesaidia na mitambo kwa harusi nyingi kutoka hapa hadi Mumias na kila mara lazima bibi harusi aingie na I Will Always Love You ya Whitney Houston. Jamani. Kwa The Bodyguard, 1992, huo wimbo unakuja wakiwa uwanja wa ndege wanaachana! Mapenzi yamekataa, kila mtu anaenda njia yake. Na hata kabla ya Whitney, Dolly Parton aliuandika 1973 kumuaga Porter Wagoner juu alikuwa anatoka kwa shoo yake, barua ya kuacha kazi kwa heshima. Nilimwambia bwana harusi mmoja hivyo asubuhi yake akanijibu "omera, wewe piga tu, watu hawasikilizangi maneno." Nikapiga. Kweli watu walilia kwa furaha, ila mwalimu mmoja wa Kingereza kwa meza ya tatu alikuwa anacheka kwa kitambaa. Sikatazi, wimbo ni mzuri, na ile kuanza bila ala yoyote, sauti tupu, ni Kevin Costner alisisitiza iwe hivyo na alikuwa na haki. Lakini kama unaoa Kakamega kodisha isukuti, UNESCO wenyewe wameitia kwa orodha yao 2014 kwamba ilindwe, na hakuna mtu ataachwa uwanja wa ndege.

Alafu ukishazoea kusikiliza, tafuta muvi ambayo haina. No Country for Old Men ya 2007 karibu haina muziki kabisa, ni upepo, viatu, karatasi ya korosho ikijifungua kwa kaunta, na inatisha kuliko muvi yoyote ya mashetani. Usianze nayo, utalala.

Watu wananiulizaga sasa nianze wapi na hii mambo ni mingi. Kama stima iko na Jumapili uko bure, Sholay, na uwaonye watu wa nyumba mapema kwamba rimoti ni yako hadi jioni. Kama muda hauko, Commando, manake labda iko kwa flashi yako tayari, tofauti ni kwamba safari hii unangoja hadi majina. Kama bando ndo iko na muvi ni nzito kwa simu, weka Kothbiro, haimalizi MB. Na kama unakuja dukani njoo na flashi imefutwa, sio unakuja na picha za harusi ya 2016 alafu unataka nikuamulie za kutoa.